Namna ya Kumwagilia Bustani ya Nyumbani Moshi, na Raha Iliyomo

Bustani ninayoizungumzia ni ndogo: matuta manne ya mboga, kila moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, migomba mitatu nyuma ya bafu, mparachichi mmoja, na mstari wa maua kandokando ya uzio, katika kiwanja cha kawaida cha mji wa Moshi. Kuimwagilia yote kwa keni na mpira huchukua kama dakika arobaini, na sijapata kazi nyingine ya nyumbani ambayo huimaliza nikiwa nimepumzika kuliko nilivyoianza. Watu wengi huifanya kama wanaozima moto: hufungua maji kwa nguvu, hulowesha majani, huona udongo umebadilika rangi, hufunga bomba na kuingia ndani. Haraka hiyo huwanyima vitu viwili kwa pamoja, yaani raha na mazao, kwa sababu ule upole unaoifanya kazi hii ipendeze ndio huohuo unaoyafikisha maji kwenye mizizi.

Maji hufika wapi

Anza kwa kujipima. Nusu saa baada ya kumwagilia kwa namna uliyoizoea, chukua jembe dogo au panga lililochakaa, uchimbe kishimo cha kina cha sentimita 15 pembeni mwa tuta. Mara nyingi utakuta ukanda wa udongo uliolowa usiozidi unene wa vidole viwili, na chini yake udongo mkavu ambao haujaguswa na tone. Hivyo ndivyo nilivyokuta mimi nilipochimba kwa mara ya kwanza, mwezi wa Februari, baada ya wiki nyingi za kumwagilia kila siku huku nikijiuliza kwa nini figiri zangu zinasinyaa kila ifikapo saa sita mchana.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Maji yakimwagwa kwa kasi kuliko udongo unavyoweza kuyanywa, hutiririka juu juu na kukimbilia kwenye njia. Matone mazito nayo huvunjavunja chembe za udongo wa juu, na vumbi lake huziba vitundu ambavyo maji yangepitia; udongo ukishakauka, hubaki na ganda gumu linalokataa hata maji ya kesho. Mizizi kwa upande wake huota kuelekea mahali palipo na unyevu, kwa hiyo tuta linalolowa juu tu huotesha mizizi ya juu tu, na joto la mchana huanza na mizizi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa watu wa Kilimanjaro hili si somo geni. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka kwenye mito ya mlimani na kupitishwa miteremkoni hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ilikuwapo kabla ya utawala wa kikoloni, na iliendeshwa kwa zamu. Aliyefikiwa na zamu yake alisimama na jembe mkononi, akayafungulia maji mstari mmoja, akasubiri yazame, akauziba kwa udongo na majani, kisha akafungua mwingine. Jirani zao Wapare walikuwa na ndiva, mabwawa madogo yaliyojazwa usiku ili maji yatumike mchana. Bibi yangu, aliyekulia kwenye kihamba cha Kibosho, alihamia mjini na tabia hiyo hiyo. Alipopewa mpira wenye presha aliukunja kwa mkono hadi maji yakawa ya kutambaa tu, akauweka kwenye shina la mgomba, kisha akavuta kigoda akakaa. Nilikuwa mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza. Nikamwuliza, “Bibi, kwa nini tusiyafungue yote tukamaliza?” Akanijibu, “Mjukuu wangu, ukimmiminia mtu ndoo nzima mdomoni, atakunywa au atapaliwa?” Sijapata mtaalamu aliyenieleza jambo hili vizuri zaidi.

Udongo wenyewe haufanani mji mzima. Kwenye maeneo ya kuelekea mlimani mara nyingi ni ule mwekundu wa volkano, mwepesi kulima na wenye kunywa maji vizuri. Ukishuka kuelekea tambarare, utakuta sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka hupasuka na ukilowa hunata kwenye jembe. Huu wa pili huingiza maji polepole sana lakini huyahifadhi kwa siku nyingi, kwa hiyo upe maji kidogo kidogo kwa raundi mbili au tatu, kisha uuache siku kadhaa. Udongo wenye mchanga mwingi ni kinyume chake: hunywa upesi na kukauka upesi, na dawa yake ya kudumu ni mboji na samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa vitu hivyo hushika maji kama sifongo. Ili kuujua wa kwako, chukua udongo wenye unyevu uubonyeze kiganjani. Ukifanya tonge linalong’aa unapolisugua kwa dole gumba, una mfinyanzi mwingi. Ukimeguka hata kabla hujafungua mkono, una mchanga mwingi. Na ukifanya tonge linalovunjika ukiligusa tu, una bahati.

Kiasi cha maji

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 kamili, na kutokana na hesabu hii ndogo unaweza kupanga mengine yote. Mboga zilizokwisha kulifunika tuta, katika siku ya jua kali ya Januari au Februari, hutumia takribani lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba. Tuta langu la mita 1 kwa 5 kwa hiyo huhitaji lita 20 hadi 30 kwa siku, yaani ndoo moja ya lita 20 hadi ndoo moja na nusu. Katika kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, ambapo asubuhi za Moshi huwa na baridi na mawingu, nusu ya kiasi hicho hutosha, na anayeendelea kumwaga kama ilivyokuwa Februari huwa anakaribisha ukungu.

Wengi huogopa bili, na ni haki yao kuuliza. Uniti moja ya maji ni mita 1 ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni ndoo 50. Matuta manne kama ya kwangu, yakipewa wastani wa lita 25 kila moja kwa siku bila mvua hata tone, hutumia lita 3,000 kwa mwezi, yaani uniti tatu. Linganisha na fedha unayoiacha gengeni kila siku kwa fungu la mchicha, nyanya na hoho, kisha uamue mwenyewe. Mimi niliamua zamani.

Hata hivyo, si lazima kiasi hicho kigawanywe sawasawa kila siku. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu na hoho zilizokwisha kushika hupenda kupewa maji mengi kwa mara moja, kisha kuachwa siku mbili au tatu ili mizizi ishuke kuyatafuta. Muhimu ni kwamba mpangilio huo usiyumbe. Nyanya inayokaushwa wiki nzima kisha ikafurikishwa hupasuka ngozi, na mara nyingi hupata ile hali ya kuoza kitako, doa jeusi lililodidimia upande wa chini wa tunda, kwa kuwa madini ya kalsiamu hufika kwenye tunda yakisafiri na maji, na maji yakikatika nayo hukatika. Mchicha, figiri, chainizi na giligilani zina mizizi mifupi. Hizi zinataka kidogo kila siku. Miche iliyotoka kitaluni juzi inataka asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza, hata kama ni kikombe kimoja kwa kila mche.

Wala usiifuate kalenda kuliko kidole. Chomeka kidole cha shahada kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi na chembe zikakunatia, ahirisha hadi kesho. Kidole kikitoka kikavu, nenda kachukue keni. Nafanya hivi kwenye kila tuta kila siku, na nakiri kuwa ubaridi ule wa udongo kwenye ncha ya kidole, wakati hewa ya nje bado ina joto la mchana, ni moja ya mambo yanayonifanya nitoke nje mapema kuliko ilivyo lazima.

Saa ya kumwagilia

Wakati bora kabisa ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Hewa imetulia, jua halijapata nguvu ya kuyanyanyua maji kama mvuke, na majani yakirushiwa matone hukauka kabla ya joto. Tena asubuhi ndipo kilele cha Kibo huonekana vizuri zaidi, kabla ya mawingu kupanda na kuufunika mlima kwa sehemu kubwa ya mchana. Simama na keni yako mahali unapoweza kuuona.

Jioni, kuanzia saa kumi na moja, ni wakati wa pili kwa ubora, na kwa watu wanaowahi kazini au kupeleka watoto shule ndio wakati pekee walio nao. Maji ya jioni hupata usiku mzima wa kuzama. Tatizo lake ni moja: majani yanayolala yamelowa huwa kitanda cha magonjwa ya ukungu. Mwaka wa pili wa bustani yangu nilikuwa nikipuliza mpira juu ya nyanya kila magharibi, kwa kuwa nilipenda kuona majani yaking’aa. Ilikuwa Juni. Madoa ya kahawia yenye ukingo uliofifia yakatokea kwenye majani, yakashuka kwenye mashina, na ndani ya wiki mbili miche ishirini na miwili ilikuwa imekwisha kwa bakajani. Tangu hapo, jioni hupeleka maji ardhini tu, na nyanya huzitengea zamu ya asubuhi.

Saa sita mchana epuka, isipokuwa kwa mche uliohamishwa leo unaokaribia kufa. Na kuna jambo dogo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: mpira uliolala juani hubeba maji ya moto. Alasiri moja niliufungua moja kwa moja juu ya miche ya chainizi ya wiki moja, na kesho yake ilikuwa imelala chini kama iliyochemshwa. Fungulia kwanza kwenye ndoo, uweke mkono chini ya maji hadi uhisi yamepoa, ndipo uelekee kwenye tuta. Maji yale ya moto acha yapoe kwenye ndoo, kisha umpe mgomba.

Mkono unavyofanya kazi

Kwa kitalu na miche midogo hakuna chombo kinachoishinda keni yenye kichwa cha matundu madogo. Siri yake ni kuanza kumimina nje ya tuta, kupita juu ya miche matone yakiwa yamekwisha kusawazika, na kumalizia nje upande wa pili, ili yale matone mazito ya mwanzo na ya mwisho yasiangukie kwenye mche. Pita mara ya kwanza haraka, kulowesha uso tu. Udongo mkavu sana huyakataa maji ya kwanza, huyaviringisha kama shanga za vumbi. Endelea hadi mwisho wa matuta mengine, kisha urudi. Kufikia hapo uso umelainika, na raundi ya pili itaingia bila kutiririka. Raundi ya tatu ndiyo inayofika chini. Ukikosa keni, toboa kifuniko cha dumu la lita 5 kwa msumari uliopashwa moto, matundu kumi na mawili hivi, na tundu moja dogo karibu na mshikio ili hewa iingie. Utashangaa linavyofanya kazi vizuri.

Kwa mimea mikubwa tumia mpira, lakini ondoa tabia ya kuziba mdomo wake kwa kidole ili maji yaruke. Punguza maji bombani hadi yatoke kwa unene wa kidole kidogo, weka mdomo wa mpira chini ya shina, juu ya kigae au jiwe bapa ili yasichimbe shimo, na uhesabu. Bomba langu hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika nne nikilifungua hivyo. Lipime lako mara moja, na tangu siku hiyo hutahitaji kukisia. Mgomba uchongee kisahani cha udongo chenye upana wa hatua moja kuzunguka shina, ukijaze, ukiache kizame, ukijaze tena. Mti wa matunda uliokwisha kukua usiumwagilie kwenye shina bali chini ya ukingo wa matawi yake, kwa maana mizizi inayonywa iko huko.

Mimea ya kwenye viroba, ndoo zilizopasuka na makopo humwagiliwa hadi maji yatokee matundu ya chini. Kiroba kikikauka sana udongo wake hujikunja na kuachana na ukuta, na maji yote hupita pembeni yakatokea chini upesi, ukadhani umemaliza. Kikifika hapo, kikalishe ndani ya beseni lenye maji kwa nusu saa ili kinywe kutoka chini.

Mahali ambapo huwezi kufika kila siku, chupa ya maji ya lita 1.5 yenye vitundu vitatu vya sindano karibu na kitako, iliyofukiwa hadi shingoni kando ya mnyanya, hutoa maji yake taratibu kwa saa nyingi. Nilipokwenda kwenye msiba Same kwa siku nne, chupa hizo na matandazo mazito ndivyo vilivyonitunzia nyanya.

Kinachoonekana wakati maji yanazama

Kati ya raundi moja na nyingine kuna dakika kadhaa za kungoja, na hapo ndipo faida kubwa ya kazi hii ilipo. Bila keni mkononi sioni sababu ya kusimama mbele ya mnyanya mmoja kwa dakika nzima. Nikiwa nayo, nasimama, na nikisimama naona.

Geuza majani. Chini yake ndiko wanakojificha vidukari, inzi weupe, na utitiri mwekundu unaopenda hasa majira ya ukame. Tandabui jembamba na vidoa vya manjano ndiyo alama yake, na maji yanayorushwa kwa nguvu chini ya majani asubuhi, kwa mara hii moja tu, huusomba kwa wingi. Michirizi mipana myeupe ndani ya jani la mnyanya, kama jani limeliwa tumboni likaachwa ngozi, ni kazi ya kantangaze, kiwavi anayekula jani kwa ndani. Chuma jani hilo uliharibu siku hiyo hiyo, usilitupe kwenye mboji.

Tazama pia mnyauko, kwa sababu si kila kunyauka ni kiu. Majani mapana ya maboga hulegea saa nane mchana hata kama udongo una unyevu, kwa kuwa jua huyavuta maji kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na jioni hunyanyuka yenyewe. Mmea ulionyauka alfajiri ndio wenye kiu ya kweli. Na mnyanya unaonyauka mzima mzima ukiwa na majani ya kijani, huku udongo ukiwa umelowa, unaweza kuwa na mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina la chini, ukining’inize ndani ya glasi yenye maji safi. Ikitoka michirizi myeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, basi ndio. Hakuna maji yatakayouponya. Ung’oe na mizizi yake, na usipande nyanya, bilinganya, hoho wala viazi mviringo mahali hapo kwa misimu kadhaa.

Maji yakizidi nayo husema. Majani ya chini hugeuka manjano, uso wa udongo huota utando wa kijani, miche ya kitaluni hulala ikiwa imeoza usawa wa ardhi, ugonjwa tunaouita kinyaushi. Jibu ni kuacha kumwagilia na kutifua udongo kwa uma mdogo ili hewa iingie. Mizizi nayo inahitaji hewa.

Lakini hujaja kutazama magonjwa peke yake. Udongo mkavu ukipata maji ya kwanza hutoa ile harufu tunayoijua ya mvua ya vuli. Hutokana na bakteria waishio udongoni, ambao hutengeneza kemikali iitwayo jiosmini, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kiasi kidogo mno. Mimi huisubiri kila jioni, na bado hunijia kama jambo jipya. Ndege aina ya chozi huja kujisugua kwenye majani ya mgomba yenye matone, akijiosha bila kujali kuwa nimesimama hatua tatu tu. Siku moja nilimkuta kinyonga kwenye tawi la waridi, jicho moja likinitazama mimi na jingine likitazama tone lililokuwa likikua kwenye ncha ya jani. Lilipokaribia kudondoka, alilinyonya.

Watoto wapewe kopo lao na tuta lao, dogo, lenye kitu kinachoota upesi. Mchicha huchomoza ndani ya siku chache na kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, muda ambao subira ya mtoto wa miaka sita inaweza kuufikia. Mwanangu humwagilia wake kwa kikombe cha chai, shina moja baada ya jingine, akiyataja kwa namba. Jirani yetu, mama mtu mzima, akipita upande wa pili wa uzio, mtoto husema “Shikamoo bibi” bila kuinua macho kwenye kikombe, naye huitikia “Marahaba mjukuu wangu, namba tisa ameshakunywa?” Mazungumzo mengi ya mtaa wetu hupita juu ya uzio huo, saa hiyo, huku pande zote mbili maji yakiwa yanazama.

Kuyatunza maji yaliyokwisha kumwagwa

Matandazo ni nusu ya kazi ya kumwagilia, na Moshi hatuna sababu ya kuyakosa. Majani makavu ya mgomba, yaliyokatwa vipande na kutandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, huzuia jua kuufikia udongo, huvunja nguvu ya matone na kuoza taratibu kuwa chakula cha tuta. Pumba za mpunga nazo zinafaa. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina ili lisioze, na inua matandazo mara kwa mara kuangalia kama mchwa wameingia. Unapomwagilia, yapitie hadi chini. Uso wa matandazo unaweza kulowa huku udongo ukiwa mkavu.

Mtaani kwetu kuna wiki ambazo maji hutoka usiku tu, kwa hiyo mapipa na madumu ni lazima. Yafunike yote, kwa kitambaa cha chandarua ikiwa hayana vifuniko, kwa kuwa yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, na bustani isiwe sababu ya homa nyumbani. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda mwagia popote. Maji ya kuogea na ya sabuni ya unga yaende kwenye migomba na miti tu, kwa kubadilisha mahali, kwa sababu chumvi zake zikilundikana huuharibu udongo, wala yasikaribie mboga zinazoliwa mbichi.

Bati nalo lina maji yake. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 600, na hata ukitoa zinazopotea kwenye mifereji na kwa kurukia nje, unabaki na takribani 500, ambazo kwa matuta yangu manne ni siku tano. Iache mvua ya kwanza baada ya ukame ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, kisha ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi.

Vuli ikianza, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, na hasa masika kuanzia Machi hadi Mei, usiiamini sauti ya mvua juu ya bati. Manyunyu ya nusu saa hupiga kelele kubwa na kuacha milimita mbili. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka katikati ya bustani, mbali na paa na miti, na asubuhi ulipime kwa rula: likiwa na milimita 5 au zaidi, tuta limepata mgawo wake wa siku, likiwa na pungufu, jazia kilichobaki. Chomeka kidole pia, kwa sababu chini ya majani ya maboga mvua huweza kupita bila kuingia. Wakati wa masika makubwa ya Aprili keni hukaa wiki nzima bila kuguswa, imeinamishwa chini ya ukingo wa paa ili isijae maji ya mbu, nami hutoka asubuhi vilevile, nikiwa na rula peke yake.